Pikapu kuukuu: Mwongozo wa kuitunza na kuirekebisha nyumbani

Na MWANDISHI WETU

KABLA jua kuchomoza, pikapu zilizosheheni viazi, kabeji na sukumawiki huteremka Waiyaki Way kutoka Limuru na Kikuyu zikielekea soko la Kangemi na lile la Wakulima karibu na katikati ya jiji la Nairobi. Baadhi yazo ziliundwa kabla ya madereva wanaoziendesha kuzaliwa.

Kwa mwenye gari la aina hiyo, siku moja gereji ni siku moja bila mapato. Ndiyo maana wakazi wengi wa Kangemi, Uthiru, Kawangware, Riruta na Waithaka hujifunza kufanya sehemu ya ukarabati wenyewe, katika ua wa nyumba au ploti, na kumwachia fundi kazi zinazohitaji mitambo na ujuzi maalumu.

Makala haya yanaeleza kazi ambazo mwenye pikapu anaweza kuzifanya nyumbani, zile asizostahili kuzijaribu, na mahali pa kupata vipuri.

ASILI YA PIKAPU HIZI

Kenya ilianza kuunganisha magari kwa wingi katika miaka ya 1970. Viwanda vitatu vilianzishwa: kimoja Mombasa, kingine Thika, na cha tatu Nairobi kilichomilikiwa kwa pamoja na serikali na kampuni ya General Motors. Hicho cha mwisho kilibadilishwa jina mwaka 2017 na kuwa Isuzu East Africa.

Gari lililojipatia sifa kubwa zaidi vijijini na mijini lilikuwa Peugeot. Aina ya 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Aina ya 504 ilishinda 1975 na 1978. Ushindi huo uliwashawishi wanunuzi kwamba gari hilo lingestahimili barabara za humu nchini, na pikapu ya 504 iliendelea kuunganishwa Kenya hadi miaka ya mwanzo ya 2000, muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha kuiunda.

Injini ya 504 ina silinda zinazoweza kutolewa, ambazo mafundi huziita slivu. Zikichakaa, hung'olewa na kutiwa mpya bila kuchonga bloku nzima. Muundo huo ni mojawapo ya sababu zilizofanya magari hayo yadumu.

Pamoja na Peugeot, zipo Toyota Hilux, Datsun na Nissan ndogo, Mazda na Isuzu za miaka ya 1980 na 1990. Magari yaliyotumika nje hayaruhusiwi kuingizwa nchini yakizidi umri wa miaka minane, kwa mujibu wa kiwango KS 1515 cha Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa (KEBS). Hivyo basi, pikapu ya zamani iliyomo nchini haipati mrithi wa aina yake kutoka ng'ambo. Anayeiacha ife hulazimika kununua gari la kisasa zaidi, la bei ya juu na lenye mitambo ya kielektroniki.

MAHALI PA KAZI NA ZANA

Hatari kubwa zaidi ya kutengeneza gari nyumbani si umeme wala moto, bali ni gari kumwangukia mtu. Jeki ni chombo cha kuinulia tu. Haikuundwa kubeba gari huku mtu amelala chini yake.

Kabla ya kuingia uvunguni, tegemeza gari kwa stendi za chuma zilizowekwa chini ya fremu au ekseli. Usitumie mawe ya kujengea wala matofali, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vigingi mbele na nyuma. Baada ya kuweka stendi, lisukume gari kwa mkono. Likiyumba, lishushe uanze upya.

Kangemi na sehemu za Kawangware ziko kwenye miteremko ya mabonde ya mito. Iwapo ua wako umeinama, au ni udongo unaolainika mvua inaponyesha, tafuta mahali tambarare na pagumu. Usifanyie kazi barabarani. Kanuni za jiji hukataza kutengeneza gari mahali pasipotengwa, isipokuwa kwa dharura.

Zana za kimsingi ni seti ya spana na soketi, bisibisi bapa na za msalaba, koleo, nyundo, kipimo cha presha ya tairi, kipimo cha volti, bunduki ya grisi, na kitabu cha mwongozo wa gari husika. Kitabu hicho hupatikana mara nyingi katika maduka ya vitabu vya mitumba, nacho ni muhimu kuliko zana nyingine yoyote kwa sababu ndicho chenye vipimo halisi.

UKAGUZI WA ASUBUHI

Dakika tano kabla ya kuwasha injini hutosha. Injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, fanya haya:

- Chomoa kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, kisha kichomoe tena usome kiwango. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni ishara kwamba maji yameingia ndani ya injini. Usiiwashe.

- Fungua rejeta uangalie maji. Usiifungue kamwe injini ikiwa moto.

- Tazama kiwango cha mafuta ya breki. Kikishuka kila wiki, kuna mahali panapovuja.

- Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukilegea mno au ukiwa na nyufa, ubadilishe.

- Zunguka gari ukitazama matairi, taa, na madoa ya mafuta ardhini palipolazwa gari.

OILI NA VICHUJIO

Kwa injini kuukuu, badilisha oili na kichujio chake kila kilomita 5,000, au mapema zaidi ikiwa gari hubeba mizigo mizito na kukwama katika misongamano ya jiji kila siku. Injini za zamani za petroli hutumia kwa kawaida oili ya daraja la 20W-50, na nyingi za dizeli 15W-40, lakini kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Washa injini kwa dakika chache ili oili ipate joto na kuwa nyepesi, kisha izime na kufungua nati ya chini. Sugua oili kidogo kati ya vidole. Ukihisi chembe za chuma, huenda beringi za injini zinaliwa, na huo ni wakati wa kumwona fundi.

Kichujio cha hewa nacho husahaulika. Katika barabara za vumbi za Dagoretti na Kinoo, kichujio cha karatasi huziba upesi wakati wa kiangazi. Kilichoziba huinyima injini hewa, nayo hula mafuta mengi na kutoa moshi mweusi.

JOTO LA INJINI NA MWINUKO WA NAIROBI

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru hukaribia mita 2,200. Katika mwinuko wa Nairobi, maji yasiyo na shinikizo huchemka yanapofika nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Huko Limuru huchemka kwa takriban nyuzi 92.

Kwa hiyo kifuniko cha rejeta si kizibo cha kawaida. Springi yake huyaweka maji chini ya shinikizo na kuongeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 15. Kifuniko ambacho mpira wake umeoza huliondoa shinikizo hilo, na gari lenye mzigo likipanda kutoka Kangemi kuelekea Kinoo huanza kutokota ingawa rejeta, pampu na feni ni nzima.

Injini ikichemka mara kwa mara, chunguza kwa utaratibu, ukianza na vitu vya bei nafuu: kifuniko, mipira ya maji, mkanda wa feni, themostati, kisha pampu na rejeta. Kuiondoa themostati na kuendesha gari bila hiyo, kama wafanyavyo wengi, hakutibu ugonjwa. Injini huchelewa kupata joto linalofaa, hula mafuta na kuchakaa haraka.

Tia dawa ya kuzuia kutu katika maji ya rejeta. Maji matupu ya mfereji au kisima huacha magadi na kutu ambavyo huziba mirija midogo. Na iwapo injini imechemka njiani, izime, ngoja angalau nusu saa, kisha ongeza maji polepole. Maji baridi yakimiminwa ghafla kwenye injini moto yanaweza kupasua kichwa chake au kukikunja.

PETROLI, KABURETA NA PLAGI

Hewa ya Nairobi ina shinikizo dogo kuliko ya pwani, pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa itatia petroli nyingi mno ikifika hapa.

Plagi hueleza hali hiyo. Ncha ya rangi ya hudhurungi ni ishara njema. Masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi au hewa imepungua. Weupe kama chokaa huonyesha petroli ni kidogo au joto limezidi. Unyevu wa oili huashiria pete za pistoni au mihuri ya vali imechakaa.

Isafishe kabureta kwa kiosheo chake, nje, mbali na jiko na sigara. Usichokonoe vijitundu vyake kwa waya kwa sababu vikipanuka hata kidogo, gari litakula mafuta daima. Kwa magari yenye pointi ndani ya distribyuta, sugua pointi na upime pengo lake kwa geji kabla ya kuilaumu kabureta. Mara nyingi kinachodhaniwa kuwa hitilafu ya mafuta huwa ni hitilafu ya moto wa plagi.

Kenya iliacha kuuza petroli yenye madini ya risasi mwanzoni mwa 2006. Madini hayo, licha ya madhara yake kwa afya hasa ya watoto, yalikuwa yakikinga viti vya vali katika baadhi ya injini za zamani zenye vichwa vya chuma cha kusubu. Injini ya aina hiyo ikianza kupoteza nguvu na nafasi za vali zikawa zinabana kila mara, huenda viti vimeliwa. Dawa ni kutiwa viti vigumu na fundi wa mashine.

DIZELI

Adui wa injini ya dizeli ni maji, uchafu na hewa. Fungua nati ya chini ya kichujio cha dizeli kila wiki umwage maji yaliyotuama. Ukibadilisha kichujio, hewa huingia katika mirija na gari hukataa kuwaka. Legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono hadi mapovu yakome, kisha kaza.

Jihadhari na dizeli iliyochanganywa na mafuta taa. Mafuta taa hayalainishi pampu inavyostahili, na pampu ikikwaruzika ukarabati wake ni ghali mno. Uovu huo ulienea kiasi kwamba Septemba 2018 serikali ilianza kutoza Sh18 zaidi kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Nunua mafuta katika kituo unachokijua, wala si kwenye mitungi ya kando ya barabara.

BREKI: PASIPO NA MZAHA

Pikapu ikikataa kuwaka, mwenyewe hupata hasara. Ikikataa kusimama, watu hufa. Anayesafirisha mizigo kati ya Nairobi na Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu hushuka mteremko mrefu wenye kona kali, na hapo ndipo breki zilizopuuzwa hujulikana.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Baada ya miaka miwili hivi huwa na maji ya kutosha kuchemka breki zinapopata moto. Mvuke ukijaa katika mirija, kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na utumie aina iliyotajwa kwenye kifuniko cha chupa yake. Kamwe usitie oili ya injini, hata kwa dharura, kwani huvimbisha mipira ya breki yote.

Ili kutoa hewa, wanahitajika watu wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua na kufunga skrubu iliyo kwenye gurudumu. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa magari mengi ya Kenya, yenye usukani kulia, huanziwa nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Hakikisha chupa haikauki kazi ikiendelea, na usirudishe mafuta yaliyotoka.

Breki za nyuma za pikapu huwa za ngoma. Fungua ngoma kila kilomita 10,000 uangalie unene wa bitana na kama silinda inavuja. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa kuwa bitana za zamani huenda zina asbesto inayodhuru mapafu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Pikapu nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma inayopima uzito wa mzigo na kugawanya nguvu za breki. Baadhi ya mafundi huifunga au kuiondoa. Matokeo yake ni gurudumu la nyuma kujifunga na gari kuteleza likiwa tupu, hasa katika mvua za Machi hadi Mei. Itunze vali hiyo kama ilivyokusudiwa na mtengenezaji.

Kwenye mteremko, shika gia ndogo kabla ya kuanza kushuka na uiache injini ibane mwendo. Usizime injini ili kuokoa mafuta, kwa sababu kisaidizi cha breki hutegemea injini inayonguruma.

UMEME, TAIRI NA SPRINGI

Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, ipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, altaneta au mkanda wake una kasoro, na kununua betri mpya hakutasaidia. Unapofungua betri, anza na waya wa hasi. Fyuzi ikiungua, tafuta kilichoiunguza. Anayefunga waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi hujitafutia moto chini ya dashibodi.

Soma umri wa tairi katika tarakimu nne za mwisho za alama iliyo ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye nyufa za uzee hupasuka likibebeshwa mzigo.

Tia grisi katika viungo vyote vyenye nipeli kila unapobadilisha oili. Springi za nyuma zikaguliwe kwa nyufa. Kuongeza bapa za springi ili kubeba mzigo kupita kiasi hakuongezi nguvu za breki, fremu wala ekseli.

VIPURI: KIRINYAGA ROAD NA KWINGINEKO

Soko kuu la vipuri katikati ya jiji ni Kirinyaga Road, inayoanzia mzunguko wa Globe. Wakongwe bado huiita Grogani, kutokana na jina lake la enzi za ukoloni. Eneo la Viwandani pia lina maduka mengi, na kwa mahitaji madogo zipo gereji za jua kali za Dagoretti Corner, Kawangware na Kangemi.

Nenda na kipuri cha zamani mkononi na ulinganishe kwa macho yako. Nakili nambari ya chasisi na ya injini, maana aina moja ya pikapu huweza kuwa na silinda za breki za ukubwa tofauti. Kwa mtumba, kipuri cha chuma kama ekseli au giaboksi huweza kuwa bora kuliko kipya bandia. Kwa breki, mikanda na mipira ya maji, nunua vipya.

Dai risiti yenye jina la duka. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu kinatoa kifungo kisichozidi miaka 14 kwa anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Bei ya chini kupita kiasi kwa kioo au taa iliyotolewa juzi yaweza kuwa sababu hiyo. Na ukibadilisha injini, ijulishe Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) ili rekodi za gari zirekebishwe.

MWACHIE FUNDI

Kazi zifuatazo zisifanyiwe nyumbani: kuchonga kichwa cha injini, kurekebisha pampu na nozeli za dizeli, kufungua giaboksi na difu, kulinganisha magurudumu, na kuchomelea fremu, hasa karibu na tangi la mafuta. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani hulipuka.

OILI CHAFU

Mto Nairobi huanzia chemchemi ya Ondiri, Kikuyu, ukapitia Dagoretti na Kawangware kabla ya kufika katikati ya jiji na kupita nyuma ya Kirinyaga Road. Oili inayomwagwa mtaroni Kawangware humfuata mwenyewe hadi anakonunua vipuri, kisha huendelea kwa wakulima na wafugaji walio chini ya mto. Ikusanye katika mtungi wenye kifuniko na uipeleke katika gereji au kituo cha mafuta kinachoipokea kwa wakusanyaji walioidhinishwa.

UKAGUZI WA KILA MWAKA

Pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA. Jijini, kituo kinachojulikana zaidi kiko Likoni Road, Eneo la Viwandani. Wakaguzi hutazama breki, taa, usukani, matairi, kutu ya fremu na moshi. Mwenye kufuata utaratibu uliotajwa hapa hana sababu ya kuuogopa ukaguzi huo, wala ya kumtafuta wakala wa kumpitishia gari lisilofaa.

Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, kipuri kilichotiwa na mahali kilikonunuliwa. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litakuonyesha gari linakula nini na mara ngapi, na litakusaidia kuamua ikiwa pikapu yako yastahili kutengenezwa tena au kuuzwa ingali inatembea.